Mayai sitini yameharibika: ninunue oskiloskopu au nianze na kifaa gani?

Swali

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 26, ninaishi Kibosho na mama yangu, na mchana ninafanya kazi ya kutunza hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi Moshi mjini. Mambo ya maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chip moja, nimejifunza mwenyewe jioni, baada ya kazi, kwa miaka miwili sasa. Mwaka huu nilimtengenezea mama mashine ya kutotolesha vifaranga: sanduku la mbao lenye balbu mbili za umeme wa nyumbani, feni ndogo, rilei moja (swichi inayoendeshwa kwa umeme), bodi ya maikrokontrola ya ESP32, na kihisi cha SHT31 kinachopima joto na unyevu. Bodi hutuma vipimo kwenye simu yangu kupitia Wi-Fi ili niweze kuangalia nikiwa kazini. Kwa kuwa ndani ya banda kuna vumbi, bodi niliiweka upande wa pili wa ukuta, na kihisi nikakiunganisha kwa waya wa mtandao wa kompyuta wenye urefu wa mita tatu.

Siku kumi za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Baadaye vipimo vilianza kurukaruka; mara joto linasomeka nyuzi 37, mara hakuna kipimo kabisa. Nyakati nyingine bodi hujizima na kuwaka upya pale rilei inapowasha balbu. Usiku mmoja iliganda balbu zikiwa zinawaka, na asubuhi tulikuta joto limefika nyuzi 43. Mayai 60 yaliharibika. Mama hakunilaumu, lakini tangu siku ile amerudisha mayai kwa kuku wenyewe, na mimi sijisikii vizuri hata kidogo.

Niliazima maltimita ya fundi wa jirani nikapima umeme unaoingia kwenye bodi. Ilionyesha volti 4.9 bila kuyumba, kwa hiyo sikuona kosa. Sasa nimeweka akiba ya shilingi 400,000 ili ninunue vifaa vya kupimia. Fundi huyo yuko tayari kuniuzia oskiloskopu yake ya zamani, yaani kifaa kinachochora jinsi volteji inavyopanda na kushuka, ile ya kioo cha kijani, yenye uwezo wa megahezi 20, kwa shilingi 250,000. Rafiki yangu tuliyesoma naye anasema ninunue kile kidude cha bei nafuu cha kuunganisha mwenyewe kinachoitwa DSO138, nacho ni oskiloskopu ndogo. Binamu yangu aliyeko Dar es Salaam anasema nisinunue chochote hadi nipate fedha za oskiloskopu mpya ya chaneli nne. Kila mmoja anasema kwa uhakika, nami nimebaki njia panda.

Naomba uniambie nianze na kipi, na kama ni salama kupima mashine hii ikiwa imechomekwa kwenye umeme.

Binti wa Kibosho, Moshi

Jibu

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mayai, na umfikishie mama pole zangu.

Umeandika juu ya hitilafu moja, lakini mimi katika barua yako ninasoma hitilafu mbili ambazo huenda hazihusiani. Ya kwanza ni bodi kuwaka upya rilei inapobadilika, na ya pili ni kihisi kupoteza vipimo. Kila moja ina kifaa kinachoweza kuionyesha na vifaa vingine ambavyo haviwezi kuiona hata vikiwa vya bei kubwa. Ndiyo maana washauri wako watatu wamekupa majibu matatu: kila mmoja amekutajia kifaa kabla ya kukuuliza unatafuta nini.

Tuanze na ile maltimita iliyokuonyesha volti 4.9. Haikukudanganya. Maltimita ya kawaida hubadilisha namba yake mara mbili au tatu tu kwa sekunde, na namba unayoisoma ni wastani wa yote yaliyopita katika muda huo. ESP32 inapotuma ujumbe kwa Wi-Fi mkondo wake hupanda ghafla, kiasi kwamba Espressif, kampuni inayoitengeneza, inashauri chanzo cha umeme kinachoweza kutoa angalau miliampea 500. Rilei ndogo ya bluu ya volti 5 yenye koili ya omu 70 huongeza miliampea 70 hivi juu yake. Mambo hayo mawili yakikutana katika nukta moja, na umeme unatoka kwenye chaja ya simu kupitia waya mwembamba wa USB, volteji inaweza kuporomoka kwa milisekunde chache na kurudi juu kabla maltimita haijajua. Bodi nyingi za ESP32 hutumia kidhibiti cha volteji cha AMS1117, ambacho kinahitaji zaidi ya volti moja juu ya zile 3.3 kinazotoa, kwa hiyo umeme unaoingia ukishuka chini ya volti 4.4 hivi, maikrokontrola yenyewe huanza kukosa chakula. Kuporomoka kwa namna hiyo ni oskiloskopu pekee inayokuonyesha umbo lake.

Hata hivyo, kabla hujatoa shilingi moja, kitumie kipimo ambacho tayari unacho. Ndani ya ESP32 kuna sehemu inayolinda dhidi ya umeme kushuka, na chip hukumbuka kwa nini iliwaka upya mara ya mwisho. Mwanzoni mwa programu yako ita kazi ya esp_reset_reason(), kisha uandike jibu lake kwenye kumbukumbu ya kudumu pamoja na saa, na ulitume kwenye simu yako. Ikirudisha ESP_RST_BROWNOUT, umeme ulishuka, na hakuna haja ya kubahatisha tena. Ikirudisha sababu ya wochidogi, yaani saa ya ndani inayowasha chip upya programu isipoitika, programu ilikwama mahali, na mimi ningeshuku kwanza ile sehemu inayosubiri jibu la kihisi. Kazi hii ni ya jioni moja, nayo itakuambia mengi kuliko kifaa ambacho bado hujajifunza kukitumia.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Kifaa cha kwanza ni maltimita yako mwenyewe, iliyo nzuri, kwa sababu hiyo utaitumia kila siku kwa miaka. Zile za njano za bei ya chini kabisa zinafaa kwa betri, lakini ukitazama tundu la ampea 10 kwenye nyingi ya hizo utakuta imeandikwa kwamba halina fyuzi. Kosa moja la kuacha waya kwenye tundu hilo na kugusa umeme wa nyumbani linaweza kukuunguza mkono. Mashine yako ina volti 230 ndani, kwa hiyo tafuta maltimita yenye fyuzi kwenye matundu yote mawili ya mkondo, na yenye alama ya usalama ya CAT III kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, maana alama hiyo mtu yeyote anaweza kuichapa kwenye plastiki. Iwe na mlio wa kupima mwendelezo unaolia papo hapo waya zinapogusana, na iwe na kipimo cha mikroampea, kwa sababu siku utakayotaka bodi ilale na kutumia betri, ESP32 katika usingizi mzito hutumia mikroampea chache na utahitaji kuzihesabu. Sifa ya kupima thamani halisi ya mkondo geu, ambayo wauzaji huisifu sana, kwako si ya lazima kwa sasa. Ukienda dukani, chukua betri mpya na rezista moja ya asilimia 1 unayoijua thamani yake, upime pale pale mbele ya muuzaji.

Kifaa cha pili ni lojiki analaiza, na hapa ninasikitika kwamba hakuna hata mmoja aliyekutajia. Hiki ni kisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye USB ya kompyuta, chenye chaneli nane, kinachorekodi kama waya uko juu au uko chini, hadi mara milioni 24 kwa sekunde. Kile cha bei nafuu, kinachotumia chip ya Cypress FX2, huuzwa kwa dola kumi hivi huko kinakotoka, na hufanya kazi na programu huria ya PulseView kutoka mradi wa sigrok. Unaunganisha waya wa graundi na waya mbili za kihisi, SDA (wa data) na SCL (wa mapigo ya saa), na PulseView inakutafsiria mazungumzo yote: hapa maikrokontrola imeita anwani 0x44, ambayo ndiyo ya SHT31, hapa kihisi kimeitika, hapa hakikuitika. Kwa kasi ya kilohezi 100, ambayo ndiyo ya kawaida kwa waya hizi, kurekodi mara milioni 1 au 2 kwa sekunde kunatosha, na unaweza kurekodi kwa dakika nyingi mfululizo hadi kosa litokee. Jihadhari na jambo moja: chip ile huvumilia volti 5 na haifai kuguswa na zaidi ya hapo, kwa hiyo usiipeleke karibu na umeme wa feni kama ni ya volti 12.

Lakini lojiki analaiza nayo ina upofu wake, na kihisi chako ni mfano mzuri wa upofu huo. Yenyewe huona juu au chini tu. Haioni jinsi waya ulivyopanda. Katika I2C, ambayo ndiyo lugha ya mawasiliano ya waya hizo mbili, waya hushushwa kwa nguvu na chip, lakini kupanda hupandishwa na rezista peke yake, na rezista hiyo inapaswa kwanza kujaza uwezo wa kapasita, yaani wa kuhifadhi chaji, uliomo katika waya. Waya wa mtandao una takribani pikofaradi 50 kwa kila mita. Mita zako tatu, pamoja na pini na bredibodi (ubao wa kuunganishia bila kulehemu), zinakaribia pikofaradi 200. Ikiwa bodi ya kihisi chako ina rezista za kiloomu 10, kama zilivyo nyingi, muda wa kupanda utakuwa mikrosekunde 1.7 hivi, wakati kanuni za I2C kwa kilohezi 100 zinaruhusu mikrosekunde 1 tu. Analaiza itakuonyesha kwamba kihisi hakikuitika. Oskiloskopu ndiyo ingekuonyesha kwa nini, kwa sababu badala ya ukuta ulionyooka ungeona mgongo wa mlima unaopanda taratibu na kukatwa kabla haujafika kileleni.

Kwa hesabu hiyo hiyo unaweza kutibu bila kuona. Weka rezista za kiloomu 2.2 kutoka SDA na SCL kwenda volti 3.3, na muda wa kupanda utashuka hadi chini ya mikrosekunde 0.4, huku mkondo ukiwa miliampea 1.5 tu, nusu ya kile ambacho chip zinatakiwa kuweza kushusha. Kisha fungua ule waya wa mtandao utazame jozi zake. Watu wengi huweka SDA na SCL kwenye jozi moja iliyosokotwa pamoja, na ishara ya waya mmoja ikaingia kwenye mwenzake. SDA isokotwe na graundi, SCL isokotwe na waya wa volti 3.3. Ningeweka dau kwamba nusu ya matatizo yako yamo katika mita hizo tatu.

Kuhusu oskiloskopu ya fundi, usiinunue, ingawa ninaamini anakuuzia kwa nia njema na ingawa mimi mwenyewe nilijifunzia kwenye kioo kama hicho na ninakiheshimu. Megahezi 20 si tatizo, kwa kanuni ya mafundi ukigawa 0.35 kwa upana huo wa masafa unapata muda mfupi kabisa wa kupanda ambao kifaa kinaweza kuonyesha, yaani nanosekunde 17.5, ambayo ni kasi ya kutosha kabisa kuona mgongo wa mlima wa mikrosekunde 1.7. Tatizo ni kwamba oskiloskopu ya kioo haihifadhi chochote. Huonyesha vizuri kile kinachojirudia mara nyingi kwa sekunde, lakini umeme wako unaporomoka mara moja saa nane usiku, na alama yake itawaka kiooni kwa kufumba na kufumbua, hakuna mtu wa kuiona. Wewe unahitaji chombo unachokiambia, “Subiri, volteji ikishuka chini ya 4.5, ganda, na unionyeshe kilichotokea kabla na baada,” kisha ukaenda kulala.

DSO138 huhifadhi, na kuiunganisha ni zoezi zuri la kulehemu, ila upana wake ni kilohezi 200 tu. Kwa kanuni ile ile ya 0.35, haiwezi kuonyesha upandaji wa kasi kuliko mikrosekunde 1.75. Utaona kwamba namba hiyo ni sawa na ugonjwa wenyewe unaoutafuta, maana yake waya mzima na waya mgonjwa vyote vitaonekana vigonjwa. Kuporomoka kwa umeme kwa milisekunde kadhaa kidude hicho kinaweza kukunasia, hilo nakubali. Sikushauri utoe fedha kwa kifaa kinachojibu swali moja na kudanganya katika jingine.

Binamu yako yuko sahihi juu ya kifaa na amekosea juu ya wakati. Oskiloskopu ya kidijiti ya chaneli nne ndiyo lengo zuri. Rigol DS1054Z ya megahezi 50, ambayo wapenzi wengi wa kazi hii wameianzia, au Siglent SDS1104X-E ya megahezi 100, au Rigol DHO804 ya megahezi 70 inayogawa kipimo katika biti 12 badala ya 8 za kawaida, yoyote kati ya hizo ingekutosha kwa muda mrefu. Ukifika siku ya kununua, soma vizuri kasi ya sampuli, yaani mara ngapi kwa sekunde kifaa hupima, kwa sababu bilioni moja kwa sekunde iliyoandikwa kwenye DS1054Z ni ya chaneli moja, na ukiwasha zote nne kila moja hubaki na milioni 250. Na ukijaribu oskiloskopu yoyote iliyotumika, unganisha probu (waya wake wa kupimia) kwenye kile kishikizo cha mbele kinachotoa mawimbi ya mraba ya kilohezi 1. Kona zisipokaa sawa, zungusha skrubu ndogo ya probu; zikikataa kunyooka ilhali swichi ya probu imewekwa 10X (inayopunguza ishara mara kumi), rudisha fedha mfukoni. Hiyo 10X nayo ndiyo uitumie daima kwenye waya za I2C, maana kwenye 1X probu yenyewe huongeza makumi ya pikofaradi na utakuwa umezidisha ugonjwa kwa kuupima.

Hadi wakati huo, azima. Moshi kuna VETA, na Arusha kuna Chuo cha Ufundi. Nenda na barua fupi ya heshima inayoeleza kwamba una vipimo viwili vya kufanya kwa saa moja, na utaje vipimo vyenyewe. Ombi lenye swali lililo wazi ni rahisi kukubaliwa kuliko la mtu anayetaka kuona tu.

Swali lako la usalama ndilo ninalotaka ulisome mara mbili. Klipu ya graundi ya oskiloskopu ya mezani imeungwa moja kwa moja na pini ya ardhi ya plagi. Ukiigusisha kwenye waya wa moto wa balbu, umefunga mzunguko mfupi kati ya TANESCO na ardhi kupitia probu uliyoishika mkononi. Kuna mafundi wanaokata pini ya ardhi ili kukwepa jambo hili. Wanachofanya ni kuhamishia volti 230 kwenye ganda la chuma la kifaa. Usifanye hivyo kamwe, na usimruhusu mtu akufanyie. Lojiki analaiza haina kinga yoyote kati ya waya zake na kompyuta, kwa hiyo unapoitumia, kompyuta iwe kwenye betri yake, chaja imechomolewa. Pima upande wa volti 3.3 na 5 peke yake.

Kwa bahati nzuri, usalama huo unakupa pia kipimo. Chomoa balbu kwenye umeme kabisa, uache rilei ikibofya bila mzigo kwa saa nzima. Bodi ikiendelea kuwaka upya, kosa ni mkondo wa koili na Wi-Fi: badilisha chaja na waya wa USB, na uweke kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na pini za 5V na graundi, ukizingatia upande hasi na chanya. Bodi ikitulia, basi kinachoisumbua ni cheche za rilei inapokata volti 230, na dawa yake ni kutenganisha waya za balbu mbali na waya za kihisi na kuipa rilei chanzo chake cha umeme.

Kuna kifaa kimoja cha kupimia ambacho hukukiuliza, nacho kinauzwa duka la dawa: kipimajoto cha homa cha kidijiti. Mayai ya kuku hutaka nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21, na kipimajoto cha homa kimetengenezwa kuwa sahihi kwa sehemu ya kumi ya nyuzi katika eneo hilo hilo. Weka ncha yake kando ya SHT31, subiri, linganisha. Usijaribu kusahihisha kihisi kwa maji yanayochemka, kwa sababu huku kwetu, katika mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 95, na kihisi chenyewe hakipendi kuloweshwa.

Kwa hiyo, katika shilingi zako 400,000, nunua maltimita nzuri, lojiki analaiza, pakiti ya rezista, kapasita, chaja ya uhakika na kipimajoto. Zitakazobaki ziweke kwa ajili ya oskiloskopu, wala usizitumie kwa pawasaplai ya mezani bado. Chaja nzuri itakuvusha kwa sasa. Nje ya vipimo, funga thermostati ya kawaida isiyo na programu, iliyoungwa mfululizo na balbu na kuwekwa nyuzi 39, ili hata bodi ikiganda tena balbu zizimike zenyewe.

Kisha endesha mashine siku saba bila yai hata moja ndani, rilei ikifanya kazi na Wi-Fi ikituma. Niandikie tena, uniambie esp_reset_reason() imerudisha nini na ni mara ngapi anwani 0x44 haikuitikiwa kabla na baada ya kubadilisha rezista. Mama asiweke mayai hadi siku hizo saba zipite zote bila kosa.